Naogopa Kovu Watakalomwachia Mwanangu Begani

Kwako Bi Saumu,

Assalaam aleikum, na baada ya salamu nakueleza kwamba nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la chumvi katika duka la mtu hapa Garissa, maana kule tunakoishi sasa siwezi kushika kalamu bila watu kumi kuniuliza naandikia nani. Mimi ni Msomali lakini nilikulia Isiolo, baba yangu alikuwa askari wa zamani tukikaa lainini, kwenye nyumba za askari, ndiyo maana najua Kiswahili, na gazeti lenu hulipata likiwa limefungiwa sukari, nikisha kulikung'uta nalisoma. Nimekuona unawajibu watu wa ndoa na wa mali na wa mahari, lakini langu ni la uvimbe wa mwilini, sijui kama ni la kwako au la daktari, ila daktari nimeshamwona na bado sijui la kufanya, kwa hiyo naomba univumilie nikueleze tangu mwanzo.

Marehemu mume wangu alikuwa akiitwa Dekow. Nilipoolewa naye alikuwa tayari na kinundu kwenye bega la kulia, kidogo, kama kokwa ya tende, rangi yake ya samawati kidogo chini ya ngozi, ukikitazama unasema hiki si kitu. Lakini Bi Saumu, kitu kile kilikuwa kikiuma kama kaa la moto, akiguswa na kamba ya ngamia anakunja uso, mbuzi mdogo akimrukia anapiga yowe, na wakati mwingine kiliuma bila kuguswa na mtu, amekaa tu anakunywa chai utamwona ameweka kikombe chini na kufumba macho mpaka kipite. Siku niliyoingia nyumbani kwake niliweka kichwa begani pake akanisukuma, nikalia, nikasema nimeletwa kwa mtu asiyenitaka, naye akanieleza kwa aibu, akaniambia, "Maka, pita huku kushoto, huku kushoto ni kwako kote." Basi miaka yote nililala kushoto kwake, na tukizoea kitu hatukioni tena.

Wazee wake walimchoma kwa chuma cha moto, kama tufanyavyo sisi, walimchoma mara kadhaa kukizunguka kile kinundu, makovu ya duara yakabaki, na kinundu kikabaki vilevile. Hospitali hakwenda. Alisema watu wa hospitali hukata mkono kwa sababu ya kidole.

Halafu ikaja vita hii. Unaijua, sina haja ya kuisimulia, na najua gazeti haliwezi kuandika yote. Mwaka jana tuliamriwa kuacha malisho na kuingia katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge, kuingia kwa ruhusa na kutoka kwa ruhusa, ngamia wetu wakabaki nje bila mchungaji, waliokufa wakafa na waliochukuliwa wakachukuliwa. Kila baada ya muda wanaume walipangwa mstari, wavue nguo za juu, askari wapite wakitazama mabega, maana walitafuta shifta, wapiganaji wa porini, wakisema mtu aliyebeba bunduki siku nyingi mkanda humwachia alama. Mara za kwanza Dekow alipita salama, sijui kwa nini, labda waliopita walikuwa wamechoka.

Siku ile aliyepita hakuwa amechoka. Alisimama mbele ya Dekow, akatazama yale makovu ya moto na kile kinundu katikati yake, akamwita mwenzake, wakatazama wote wawili. Mume wangu hakujua Kiswahili zaidi ya maneno ya sokoni. Mimi nilikuwa kwa wanawake upande wa pili wa uwanja, nikapaza sauti, "Afande, huo ni ugonjwa, anao tangu ujana wake!"

Yule wa kwanza akasema, "Nani amekuuliza, mama?"

Mwenzake akasema, "Mwache aseme, anajua Kiswahili vizuri huyu."

Nikasema, "Ni uvimbe tu, afande, na yale makovu ni ya dawa yetu ya moto. Tafadhali usimguse hapo, panamuuma sana."

Akacheka, akasema, "Lazima paume, risasi bado imo ndani." Akabonyeza kwa kidole gumba, akakisokota.

Bi Saumu, mimi nilimwona Dekow akivunjika mguu akiwa anachimba kisima na hakutoa sauti. Siku hiyo alipiga kelele mpaka watoto wakaanza kulia, na mkono wake ukaruka ukampiga yule askari usoni, kofia ikaanguka mchangani. Askari wakamwangukia kwa mateke na vitako vya bunduki, wakamburura kumpandisha lori, na kutoka juu ya lori aliniita kwa lugha yetu, "Maka, waambie sikumpiga, mkono umekwenda wenyewe." Nikawaambia. Nilikimbia pembeni ya lori nikiwaambia kwa Kiswahili, "Anasema hakukusudia, mkono umekwenda wenyewe!" Lakini dereva alikuwa ameshaliwasha lori na sijui kama yupo aliyenisikia.

Kesho yake chifu alikuja akatuambia Dekow amepigwa risasi akijaribu kutoroka. Mwili hatukupewa, wala hatukuonyeshwa alipozikwa. Ninajiuliza mtu aliyevunjwa vile alitoroka kwa miguu gani, lakini hili si swali langu kwako, najua huna jibu lake.

Eda yangu imekwisha. Sasa sikiliza kilichonileta.

Nina mwana mmoja mkubwa, Abdille, ana umri wa miaka kumi na tisa, siku ile alikuwa kwenye mstari, nyuma ya baba yake kwa watu wachache. Tangu mvua zilizopita nimemwona havai shati vizuri, analiacha bega la kushoto wazi, akilala hageuki upande huo, na nilipomwekea mkono mgongoni kumwamsha aliruka kama aliyeumwa na nge. Nikafunua nguo. Bi Saumu, kinundu kilekile. Kidogo kuliko cha baba yake lakini rangi ni ileile, na maumivu ni yaleyale.

Niliomba pasi ya kutoka kijijini nikamleta hospitali hapa mjini. Daktari ni mzee wa Kihindi, mpole, alimgusa kwa ncha ya kidole tu, akasema, "Mama, hii si saratani, si kifua kikuu, si uchawi. Ni uvimbe wa tezi ya jasho. Hauui mtu, lakini unauma vibaya sana. Mimi nitampiga ganzi, nitaukata wote, nitashona, leo leo atarudi nyumbani. Kovu litakuwa la kidole kimoja tu."

Abdille aliposikia neno kovu akavaa shati lake. Akatoka nje. Nilimkuta amesimama kwenye ukuta wa hospitali, akaniambia, "Hooyo, baba aliuawa kwa uvimbe. Mimi unataka niuawe kwa kovu?" Hooyo ni mama kwa lugha yetu. Hilo hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni mimi pia. Uvimbe mtu anaweza kusema ni ugonjwa. Kovu la kisu begani kwa kijana wa Kisomali mwaka huu, nani ataamini si la risasi iliyotolewa porini?

Tukarudi bila kukatwa. Juzi juzi kwenye lango la kijiji askari mmoja alimpiga kofi la mgongoni kwa mzaha, kumharakisha apite, Abdille akaanguka magoti. Askari wakacheka, wakasema kijana mzima anaanguka kama mzee. Safari ile walicheka, mimi nimekaa naingoja safari watakayoacha kucheka.

Na jioni ile ile mwanangu akaniambia kwa utulivu, na utulivu ule ndio ulioniogopesha, "Kama bega langu litasema mimi ni shifta, basi nikawe shifta. Angalau nife na kitu mkononi." Mdogo wa mume wangu, Kerrow, amelichukua neno hilo kwa mikono miwili. Amenijia akasema, "Nipe mimi huyu kijana. Kuna watu wanavuka mpaka. Huko hakuna anayewavua watu mashati." Simlaumu, yeye na Dekow walilala mkeka mmoja utotoni, ana uchungu wake. Lakini najua wanaovuka hawavuki kwenda kukaa. Mama mkwe naye anasema tumchome kwa moto, eti baba yake hakuchomwa vya kutosha.

Daktari ameniambia anahamishwa mwisho wa mwezi, anayekuja hamjui. Niende nikamkate mwanangu abaki na kovu, au nimwache na uvimbe wake, au nimpe adeer yake Kerrow avuke naye nisimwone tena? Kila mlango nikiushika namwona Dekow amesimama nyuma yake. Naomba unijibu kama ungemjibu mdogo wako wa tumbo moja.

Ni mimi Maka,
Garissa.

BI SAUMU ANAJIBU

Maka mdogo wangu, wa aleikum salaam. Pole. Nimeandika pole nikaitazama, nikaona ni neno dogo, lakini sina jingine, lipokee. Majina nimeyabadili yote, hata la kwako, na mhariri ameniomba niondoe jina la kijiji na habari ya hao askari ni wa wapi. Nimeondoa. Mengine sikukubali yakatwe, na nikagombana naye kwa ajili yako, kwa hiyo sasa na wewe unisikilize hata nikikukaripia.

Barua yako nilimsomea daktari mmoja ninayemfahamu, bila kumwambia imetoka kwa nani. Kabla sijafika katikati akanikatiza, akasema, huo ni uvimbe wa tezi za jasho, huota kwa vijana zaidi, huwa mdogo na maumivu yake makubwa kuliko wenyewe, na mara moja moja huonekana katika ukoo mmoja. Hauambukizi, hauli mwili. Dawa yake ni kuukata wote, na ukiota tena hukatwa tena. Kwa hiyo mzee wako wa Kihindi amekwambia kweli neno kwa neno. Na kuhusu chuma cha moto, daktari alitikisa kichwa tu. Mwambie mama mkwe wako kwa heshima zote kwamba moto huo ulishajaribiwa kwa mwanawe, na makovu yake ndiyo yaliyowavuta wale askari kusimama. Mjukuu asiguswe.

Sasa hapa ndipo ninapokukaripia. Wewe unaogopa kovu. Mwanao anaogopa kovu. Hebu isome barua yako mwenyewe tena, Maka. Askari waliyaona makovu, ndiyo, wakasimama kuyatazama. Lakini wewe ulikuwa unaongea nao, na mmoja alikuwa amekubali usikilizwe. Kilichofunga mazungumzo ni yale maumivu. Kama begani pale pangekuwa na kovu kavu lisilouma, yule mtu angebonyeza mpaka kidole kichoke, na Dekow angesimama amenyamaza, na wewe ungemaliza maneno yako. Sisemi angepona. Sikuwapo, na siku zile watu walikufa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nasema kijana anayeanguka magoti akipigwa kofi la mzaha hawezi kujibu maswali, na aliyeshonwa akapona anaweza. Mwanao anatembea na baruti begani na wewe unaona heri aendelee nayo kwa kuogopa alama itakayobaki ikitolewa!

Atakatwa. Hilo limekwisha, tuzungumze namna.

Kabla hajaguswa na kisu, uvimbe ukiwa bado upo, nenda kwa chifu umwonyeshe. Kisha wewe na chifu mwende naye ofisi ya D.C., mkuu wa wilaya, mwonyeshe huko pia. Mvue shati wewe mwenyewe, mama yake, usingoje avuliwe. Sema kwa Kiswahili chako hicho kizuri: huyu ni mgonjwa, siku fulani atapasuliwa na daktari wa serikali katika hospitali ya serikali, nimekuja mumwone kabla ili msije mkamwuliza baadaye. Wakikwambia hawana nafasi, kaa pale pale mlangoni. Ninyi wanawake wa huko mnajua kukaa, nimewasikia. Wakikufukuza, rudi kesho na chifu, lakini siku ya daktari isipite.

Mwombe daktari aandike cheti, kipigwe mhuri, kiseme amekata nini na wapi. Aandike viwili. Kimoja avae kijana shingoni ndani ya kifuko cha ngozi, kama mnavyovaa hirizi, kingine ukae nacho wewe. Na mwombe amlaze hospitalini mpaka nyuzi zitolewe. Usimpitishe langoni na kidonda kibichi. Mzee huyo ataelewa, mweleze yaliyompata baba wa kijana, usione haya, kwa madaktari hatuoni haya.

Halafu kuna jambo hukuniuliza, nami ndilo linaloniuma kuliko mengine. Dekow alipandishwa lori na maneno yake yakabaki kwako. Mwanao umemfundisha Kiswahili? Hukuniambia. Kama hukumfundisha, anza leo, na usianze na salamu. Aanze na haya: "Nilikuwa mgonjwa. Nilipasuliwa hospitali ya Garissa. Cheti changu hiki hapa." Ayaseme akila, ayaseme akilala, mpaka yatoke hata akiwa na hofu. Hutakuwa naye kila mstari utakaopangwa.

Kwa Kerrow utasema hapana. Msemeshe kwa upole maana ndugu yake amekufa, lakini iwe hapana isiyorudiwa. Na Abdille usimkanye kwa kelele. Mkalishe umwambie kwamba baba yake katika dakika ile, amepigwa, amebururwa, jambo alilolitaka lijulikane ni kwamba hakumpiga mtu. Hakuacha kisasi. Aliacha neno hilo, na mrithi wake ni yeye, si wewe. Kijana wa miaka kumi na tisa akiambiwa afe hukubali haraka, mwambie kwamba unamtaka hai. Pengine hujamwambia. Sisi wazazi huwa tunadhani wanajua.

Je, nakuahidi kwamba askari atakayemkuta atakisoma cheti? Sikuahidi, Maka. Ningekudanganya. Wapo watakaosoma, na huenda yupo atakayekichana. Dunia mnayoishi sasa siwezi kuitengeneza kutoka kwenye meza hii, na nimeandika jibu hili mara tatu nikitafuta njia isiyo na hatari, sikuipata. Lakini katika njia zako zote hii ndiyo pekee ambayo kijana anatoka bila maumivu yale, ana ushahidi, ana maneno mdomoni, na analala chini ya paa lako.

Gazeti hili litachukua siku kadhaa kukufikia, na likikufikia limefungiwa sukari siku zitakuwa zimepungua zaidi. Mwisho wa mwezi haukungoji, wala daktari. Kwa hiyo usilikunje ulisome tena nyumbani, wala usiende kumwuliza mtu mwingine. Inuka juu ya gunia hilo, nenda kwa chifu.